Hesabu ya Sita ya Madam Siprosa

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne. Nikihesabu upya inakuwa thelathini na mitatu, maana mwaka mmoja nilikaa nyumbani na mtoto mgonjwa. Msinishangae. Nilikulia Kehancha chini ya meza ya mama yangu ya kuuzia nyanya, na mtoto wa sokoni hujua mapema kwamba hesabu ya kwanza ni ya muuzaji, ya pili ndiyo yako.

Ninyi walimu vijana mliopangiwa kazi huku kwetu mwaka huu, mmoja wenu alinisimamisha Awendo juzi, begi mgongoni, viatu bado vinang'aa, akaniuliza: "Madam Boke, katika zile nadharia zote tulizosoma chuoni, za namna mtu anavyojifunza lugha ya kigeni, ni ipi inafanya kazi kweli?" Nikamwambia aniachie siku chache. Jibu lake ndilo hili. Ni refu kidogo, na lina harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani.

Kwanza niseme jambo la aibu, ili mjue mnanunua kwa nani. Katika miaka hiyo yote, kumi na tisa Awendo na iliyobaki Homa Bay, niliishi katikati ya watu wanaozungumza Dholuo asubuhi, mchana na hata ndotoni, na mimi sikujifunza. Salamu, nilikuwa nazo. Maji, samaki, asante. Siku moja niliyahesabu maneno yangu nikapata ishirini na mawili. Niliporudia nikapata ishirini na moja, kwa kuwa moja lilikuwa jina la mtu.

Na sasa mtu ninayetamani kuzungumza naye kuliko wote hana lugha nyingine iliyombakia ila hiyo.

Mtu huyo ni Siprosa. Amenizidi miaka kumi, na kila kitu ninachokijua kuhusu kufundisha lugha nilikipata kwake, isipokuwa yale makosa, ambayo nilikuja nayo mwenyewe.

Nilipofika Awendo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na nadharia moja tu, ile tuliyopewa chuoni siku zile: lugha ni mazoea. Mwanafunzi asikie, arudie, asifiwe, arudie tena, mpaka ulimi uzoee njia kama ng'ombe anayerudi zizini bila kuswagwa. Nikaingia darasa la nne. Watoto hamsini na nane. Nilipohesabu mara ya pili walikuwa hamsini na saba, mmoja alikuwa ameshapita dirishani.

Mjue kwamba kwa watoto wale Kiswahili kilikuwa lugha ya kigeni, hata kama kimo kwenye katiba. Nyumbani walisema Dholuo, kanisani Dholuo, mtoni Dholuo. Kiswahili kilikuwa cha redio, cha polisi, na cha matandiboi, utingo wa malori ya miwa, na hicho cha matandiboi hakikufaa kuandikwa ubaoni.

Basi nikawakaririsha. "Hiki ni kiti." Wote: "Hiki ni kiti!" "Hiki ni kitabu." "Hiki ni kitabu!" Wiki mbili nzima. Mabati yalitetemeka. Mwalimu mkuu alipita varandani akatabasamu, nikaona nimeshafuzu. Ndipo akaingia mwalimu wa darasa la jirani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akaomba ruhusa aulize swali moja tu. Huyo ndiye alikuwa Madam Siprosa. Alimwinamia msichana wa mbele akamuuliza taratibu:

"Umekalia nini, mama?"

Msichana akasimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti safi kabisa:

"Hiki ni kitabu!"

Madam Siprosa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokitarajia. Tulipotoka nje akaniambia, "Wana sauti nzuri. Wapeleke kwaya."

Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikaanza kumfuata kama mkia.

Msidhani nakudharau kukariri. Kuna kazi yake. Mdomo unahitaji mazoezi kama mguu, na salamu haihitaji falsafa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mtoto aliyerudia amejifunza, ilhali alikuwa ananirudishia mali yangu ikiwa kwenye karatasi ile ile niliyoifungia.

Siku moja aliniuliza, "Boke, ukishauliza swali, unasubiri kwa muda gani?"

"Mpaka wajibu, Madam."

"Husubiri hata mtu apige chafya. Njoo uketi nyuma kwangu kesho."

Nikaketi nyuma. Mkono wake wa kulia ulishika chaki, na wa kushoto ulining'inia kando ya sketi. Aliuliza swali, kisha akanyamaza. Na nikaona vidole vya mkono ule wa kushoto vikijikunja kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Ya sita ilikuwa ngumi kugonga paja, polepole, tap. Hapo ndipo alipotazama nani amenyoosha mkono. Mtoto mmoja hivi kwenye ya pili, wanne kwenye ya tano, nusu ya darasa kwenye ya sita.

"Mtoto wa lugha ya pili ana safari," alinieleza baadaye. "Analibeba swali lako mpaka nyumbani, kwa Dholuo. Anauliza huko, anapewa jibu, analivisha Kiswahili, analeta. Wewe unafunga duka akiwa bado njiani."

Miaka mingi baadaye tuliitwa semina Homa Bay, mtaalamu akatuchorea kichwa cha mtu chenye mishale inayoingia na kutoka. Alisema akili si kopo la kujazwa, inapanga, inalinganisha, inatafuta, nayo inahitaji muda. Kila nadharia mpya ilikuja na semina, na kila semina ilikuja na soda. Mimi nilikunywa yangu nikimtazama Siprosa, naye alikuwa ananakili ile michoro kwa unyenyekevu kana kwamba ni habari mpya kwake.

Kwangu ile sita ilikuwa ngumu. Sokoni ukinyamaza hesabu sita umeshauziwa. Lakini nilijifunza, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikawa nahesabu sita, kisha nahesabu sita tena kuhakikisha. Siprosa alipogundua alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe unasubiri kama mnunuzi! Kumi na mbili!" Lakini watoto wangu wa viti vya nyuma, wale ambao hakuna mwalimu aliyewahi kusikia sauti zao, walianza kujibu kwenye tisa, kwenye kumi.

Isipokuwa Auma. Auma alinyamaza mihula miwili. Aliandika vizuri, alisikia kila kitu, ila hakusema. Siku ya mkaguzi, tukiwa tumeunganisha madarasa, Siprosa alimuuliza Auma swali. Kimya. Mkaguzi akatazama saa. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na Auma, nikaona aibu kwa niaba ya shule nzima, nikamnong'oneza jibu. Auma akalitamka. Mkaguzi akaandika kitu, na kwa sura yake kilikuwa kizuri.

Siprosa hakunisemesha mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

"Boke, umemwibia."

"Nimemsaidia, Madam."

"Alikuwa amefika mlangoni, jibu lake mkononi. Ukampokonya, ukampa lako."

Nilijitetea njia nzima. Ukibishana na mtu asiyejibu unachoka peke yako.

Muhula wa tatu nikafanya kitu kisichokuwa kwenye andalio la somo. Niligeuza madawati kuwa soko. Nilileta nyanya za mama kutoka Kehancha, nzuri na mbovu. Nikawa muuzaji, watoto wakawa wateja, na sheria ilikuwa moja: hakuna anayeondoka na nyanya bila kuipigania kwa Kiswahili. Zamu ya Auma ilipofika nikafanya nilivyolelewa, nikamtilia moja iliyooza katikati ya zile nzuri. Akaiona. Akanitazama. Nikahesabu sita. Nikaanza tena. Kwenye kumi na moja mdomo ukafunguka:

"Madam, hii imeoza. Toa."

Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja mbio. "Toa!" Auma alirudia, safari hii kwa hasira, "na uweke nzuri!" Mihula miwili ya kimya, na kumbe maneno yalikuwa yamejaa ndani kama maji kwenye tangi. Yalikuwa yanangoja kazi. Baadaye semina nyingine, soda nyingine, wakatuambia lugha hujifunzwa kwa kuitumia kufanya jambo ambalo mtu analitaka kweli. Nikapiga makofi. Nilikuwa na nyanya za kuthibitisha.

Mtauliza, mwalimu uliyeyajua yote haya, mbona Dholuo kilikupita?

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunihamisha. Ulikuwa ujanja. Mtu akipatana bei nawe kwa lugha yake, ana matusi, ana utani, ana jina la bibi yake la kuapia. Mvute aje kwenye Kiswahili ambacho ni lugha yake ya pili, na nusu ya silaha zake zinabaki nyumbani. Nilinunua samaki kwa wanawake wa ziwani miaka thelathini kwa njia hiyo. Nilijiona mjanja sana. Palipokuwa na jambo zito, msiba, harusi, ugomvi wa wazazi, Siprosa aliketi kando yangu akanitafsiria sikioni.

Alijitolea kunifundisha. "Njoo Kisegi likizo moja tu, ukae kwetu. Mwezi mmoja na utakuwa unagombana na mtu yeyote."

"Nitakuja Desemba, Madam."

Nimezihesabu hizo Desemba, na mara ya pili sikuzihesabu.

Alistaafu akarudi kwao Kisegi. Miaka kadhaa baadaye mimi nami nikarudi Kehancha. Tulipigiana simu kila Jumapili. Kiswahili chake, jamani. Watu wa Mombasa walikuwa wanamuuliza ametoka mtaa gani. Mimi sina ndugu wa kike, na mume wangu alinitangulia zamani, kwa hiyo mzaha wangu wote wa wiki niliuweka akiba hadi Jumapili, nimpe yeye.

Jumapili moja simu ikashikwa na mtu mwingine. Mdogo wake, Dorka, muuza omena.

"Mwalimu, dada ameanguka. Ni kiharusi. Amerudi kutoka hospitali lakini Kiswahili yake imeenda. Kizungu pia imeenda. Dholuo iko, lakini kidogo kidogo."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno tu ya Dorka. Nikaenda.

Alikuwa kwenye kiti uani, upande wa kulia umelegea, upande wa kushoto ni yeye yule. Alinijua. Alinyoosha mkono wa kushoto akanishika shavu. Nikaanza kusema, maneno ya wiki tatu yote kwa pamoja, naye akanitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani: anajua ni sauti ya nani, hajui inasema nini. Kisha akasema kitu yeye, kwa Dholuo, polepole sana, na kituo kirefu katikati. Mimi nikatazama midomo yake na maneno yangu ishirini na moja yasiwe na kazi.

Tuliketi hivyo mpaka jua likageuka. Dorka alitafsiri, ila Kiswahili cha Dorka ni cha kuuzia samaki. Siprosa alisema maneno kumi, Dorka akanipa matatu: "Anasema uko sawa?" Nilijua kabisa kwamba sicho alichosema. Siprosa hajawahi kusema kitu kifupi hivyo na chepesi hivyo maishani mwake.

Daktari alikuwa amewaambia hutokea hivyo kwa watu wenye lugha nyingi, na huenda nyingine zikarudi, huenda zisirudi. Mwanawe Felix, anayefanya kazi Eldoret, alikuwa amepata mtu huko wa kumfanyisha mazoezi ya kusema, na mwisho wa Agosti angekuja kumchukua. Nikahesabu Jumapili zilizobaki. Tisa. Nikahesabu tena nikapata nane, moja ilikuwa na mazishi Migori.

Jumapili nane, nami nilikuwa nataka niongee naye mara moja tu. Hata mara moja, mimi na yeye, bila mtu wa katikati.

"Dorka, nifundishe Dholuo," nikasema. "Nitakulipa."

Akaweka beseni chini. "Nyar Kuria," akasema, maana yake binti wa Wakuria, "wewe umekula samaki yetu miaka mingi. Lugha ndiyo ulikataa kuonja. Pesa yako sitaki. Omena yangu inataka mtu wa kugeuza juani."

"Saa moja kila Jumapili."

"Saa tatu."

"Mbili."

"Tatu, na maji unabeba wewe."

Tukakubaliana saa tatu na maji. Ilikuwa mara ya kwanza kushindwa vibaya hivyo, tena kwa Kiswahili, lugha yangu ya kazi.

Jumapili ya kwanza nilikuja na daftari lililopigwa mistari, Dholuo kushoto, Kiswahili kulia, maneno sitini. Nilikuwa nimeyakariri wiki nzima jikoni kwangu, nikijisifu mwenyewe kila nikipatia. Nikawasalimu wanawake waliokuwa wakianika omena na Dorka kwa sentensi iliyonyooka. Wakafurahi sana, na kwa furaha hiyo wakanijibu wote kwa pamoja kwa Dholuo cha kasi yao. Nikasimama pale, mikono nyuma. Mmoja akaniuliza kitu kifupi, nikamjibu kwa lile neno lililokuwa karibu kinywani.

Wakacheka mpaka mwingine akaketi juu ya omena zake. Nilikuwa nimeulizwa nimetoka wapi, nikajibu "beseni."

Hiki ni kitabu!

Daftari nikaliacha nyumbani. Jumapili ya pili niliinama kwenye nyavu zilizoanikwa omena, Dorka akanishika mkono: hivi, geuza, acha, leta, zile, siyo hizo. Alisema kwa Dholuo na mkono ukanionyesha, na neno likaingia pamoja na kazi. Nilipokosea hakunigombeza. Alisema tu sentensi yangu upya ikiwa nzima, kama mtu anayekurekebishia kola ya shati akipita, kisha akasema "Nwo." Ndiyo kusema rudia. Nwo. Nikarudia. Mtaalamu wa semina angeandika ubao mzima juu ya Dorka, ambaye aliacha shule darasa la sita.

Na niliogopa, vijana. Miaka thelathini na minne niliwaambia watoto wasiogope kukosea, na kumbe sikujua ninachosema. Yule mwanamke aliyecheka zaidi ya wote akikaribia tu, masikio yangu yalijifunga kama duka likiona askari wa kaunti. Hata nililolijua lilitoweka. Siku asipokuwepo nilisikia mara mbili zaidi. Mkiwa na mtoto asiyesema darasani, kabla hamjamchunguza ubongo, tazameni nani ameketi karibu naye.

Kufikia Jumapili ya tano nilikuwa nafuata nusu ya porojo za nyavuni. Ila na Siprosa bado. Nilimsalimu, akanisalimu. Nilimwambia jua ni kali, akakubali. Nilitaka kumwambia jambo moja lililonikaa shingoni, nikaona nisibahatishe. Nikaliandaa kama hotuba. Sentensi tisa. Kwamba nasikitika kwa zile Desemba. Kwamba alinipa kazi yangu yote na mimi sikumpa hata mwezi mmoja. Dorka alizinyoosha, nikazikariri nikienda kisimani na nikirudi.

Jumapili ya mwisho gari la Felix lilikuwa limeshafika. Alikuwa anafunga godoro juu ya gari, na Dorka amepika chai ya safari. Nikavuta kigoda mbele ya Siprosa nikazisema sentensi zangu zote tisa, bila kukosea hata moja. Dorka mwenyewe aliguna kwa kuridhika.

Siprosa akaitikia kwa kichwa.

Niliijua ile namna ya kuitikia. Ni ile aliyomwitikia msichana wa kitabu. Nina sauti nzuri. Nipelekwe kwaya.

Felix akaita kwamba jua linakwenda. Nikaanza kuinuka. Ndipo Siprosa akanishika kiganja kwa ule mkono wa kushoto, akaniketisha, akasema kitu kwa Dholuo, polepole, kwa vituo vyake. Maneno machache. Nikayabeba. Nikayapitisha Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili Kikuria, kwa maana safari yangu mimi ilikuwa na nyumba mbili, na huko mwisho nikapewa maana yake, yote, bila kuokota kwa mtu.

Aliniuliza: nani alikufundisha?

Nilijua jibu. Nilikuwa nalo kwa lugha mbili. La Dholuo halikuja. Dorka, aliyekuwa amesimama na birika, akavuta pumzi anijibie.

Siprosa akainua kiganja cha kushoto, akamzuia. Hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi. Kisha akakishusha kiganja juu ya goti lake, na kidole gumba kikajikunja.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Felix akaita tena, "Mama?" Vinne. Vitano. Ngumi ikagonga goti, tap.

Bado sikuwa na kitu. Machozi, hayo nilikuwa nayo.

Akakunjua vidole vyote vitano. Akaanza tena kwenye kidole gumba.

Kiswahili kilikuwa kimeenda, Kizungu kimeenda, jina la mwalimu mkuu wetu nina hakika lilikuwa limeenda pia, lakini alikumbuka kwamba mimi husubiri mara mbili.

Kwenye ya tisa lilikuja. Si sentensi. Neno moja, neno ambalo hata daftari langu la kwanza lilikuwa nalo.

"In," nikasema. Wewe.

Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Hakunisifu, hajawahi kuwa mwalimu wa kusifu. Alilichukua lile neno langu moja akalivisha sentensi nzima iliyonyooka, akanirudishia polepole, kisha akangoja, nyusi juu.

"Nwo," akasema.

Nikarudia. Mara mbili.

Felix alimbeba mpaka kwenye gari. Siprosa hakupunga mkono, kwa kuwa mkono wake mzima ulikuwa umeshika dirisha.

Kijana wa Awendo, jibu lako ndilo hilo. Nadharia zote ulizosoma ni za kweli, kila moja kwa siku yake, na hakuna hata moja itakayokusaidia kama huwezi kusimama mbele ya mtu aliyenyamaza ukakaa kimya naye. Lugha niliyofundisha na hii ninayojifunza zimeniambia kitu hicho hicho. Na mwenzako akikualika kwao likizo, panda gari uende.

Jumapili jioni bado napiga simu, sasa Eldoret. Felix anaiweka sikioni mwa mama yake halafu anaondoka, nilimwomba hivyo. Ninamsimulia ya wiki kwa Dholuo changu cha nyavuni, kisha namuuliza kitu kimoja, kidogo, na ninangoja. Kwenye simu kimya hakina uso, hujui kama mtu anatafuta neno au amelala. Jumapili iliyopita nilimuuliza kama kule kuna baridi. Nikahesabu sita, hakuna kitu. Nikaanza tena. Jibu lilifika kwenye kumi na moja, kwa pumzi ndefu, na lilikuwa na mzaha ndani yake.

Ningekuwa mtu wa kuhesabu mara moja, ningekuwa nimeshakata simu.